Mchanga Ulioganda na Mchanga Ulioyeyuka

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa

Somo letu la leo ni juu ya udongo, hasa udongo wa mchanga. Tutajifunza namna wataalamu wanavyoupima katika maabara ukiwa umeganda kwa baridi, na namna wanavyoupima tena baada ya barafu yake kuyeyuka.

Huenda mwenzetu mmoja anasema moyoni, "Sisi tunaishi Ufipa. Barafu ya ardhini inatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, na ndilo litakalotuongoza. Mwisho wa somo mtaona kwamba jambo hili linagusa misingi ya nyumba zetu, mashimo tunayochimba mchanga, barabara tunazopita, na hata tetemeko la ardhi lililopiga nchi hii ya Rukwa mwaka 1910.

Baridi ya Ufipa na baridi ya Kibo

Kwanza tuhesabu. Mji wa Sumbawanga uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,800. Kasanga, kandokando ya Ziwa Tanganyika, iko kiasi cha mita 770 tu. Tofauti yao ni kama mita 1,000. Kanuni ya kukadiria ni hii: kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Ndiyo maana mtu akitoka Kasanga na shati jepesi, akifika Sumbawanga mwezi wa Juni jioni, huomba koti.

Sasa chukueni siku ambayo joto la Dar es Salaam, pwani, ni digrii 28. Kwa kanuni yetu, Sumbawanga itakuwa na digrii 17 hivi. Je, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kitakuwa na digrii ngapi?

(Mwalimu wa kikundi asimame hapa kidogo. Wanafunzi wafanye hesabu ubaoni.)

Jibu ni hili: mita 5,895 ni karibu mara 6 ya mita 1,000. Mara 6 kwa digrii 6 ni 36. Ukiondoa 36 katika 28, unapita sifuri na kushuka chini yake kwa digrii 8 hivi. Maji huganda kwenye digrii 0. Basi, Kibo ni mahali pa barafu, na ardhi yake huganda.

Kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, kama Kilimanjaro na Mlima Kenya, usiku unyevu wa udongo huganda na kuota vijiti vyembamba vya barafu, kama sindano zilizosimama wima. Sindano hizo huinua chembe za udongo na vijiwe vidogo. Jua likitoka, barafu huyeyuka, na vijiwe huanguka na kusogea kidogo. Jambo hilo hurudiwa usiku baada ya usiku. Ndiyo sababu mimea michanga hupata taabu kushika mizizi huko juu.

Kwa hiyo udongo unaoganda na kuyeyuka upo hata katika Tanzania yetu.

Udongo una watu wa namna tatu

Kabla ya kwenda mbali, tuujue udongo wenyewe. Udongo ni mchanganyiko wa chembe, na chembe hutofautiana kwa ukubwa.

Kubwa ni chembe za mchanga. Chembe ya mchanga haizidi milimita 2, wala haipungui sana chini ya sehemu 6 za mia za milimita moja. Unaweza kuiona kwa macho, na ukiisugua vidoleni hukwaruza.

Ndogo kuliko hizo ni chembe za udongo wa vumbi. Huzioni moja moja kwa macho. Ukizishika zikiwa kavu, ni laini kama unga.

Ndogo kabisa ni chembe za udongo wa mfinyanzi. Hizi hunata. Ndizo zinazowawezesha wafinyanzi kutengeneza vyungu. Wazee wa Kifipa waliofua chuma zamani walizijua vizuri. Walipojenga tanuri zao ndefu za kuyeyushia chuma, zile ziitwazo malungu, walitumia udongo wa kichuguu, maana mchwa hukusanya chembe laini zinazonata. Hawakuwa na maabara ya vioo, lakini walipima kwa mkono na kwa jicho, na tanuri zao baadhi zimesimama mpaka leo.

Maji yanapokaa katika udongo, kila namna ya chembe huyapokea kwa njia yake. Katika mchanga, nafasi kati ya chembe ni kubwa, na maji hupita upesi. Katika udongo wa vumbi, nafasi ni nyembamba sana, na maji hupanda juu kama mafuta yapandavyo katika utambi wa kibatari. Katika mfinyanzi nafasi ni ndogo zaidi, na maji husogea polepole mno. Shikeni mfano huo wa utambi, kwa kuwa tutauhitaji.

Udongo ukiganda unafanya nini?

Maji yakiganda huvimba. Lita 100 za maji hutoa barafu inayojaza nafasi ya lita 109 hivi. Aliyewahi kusahau chupa ya soda katika friji ya barafu anajua: chupa hupasuka.

Kwa muda mrefu watu wa nchi za baridi walidhani kwamba hiyo ndiyo sababu ya ardhi yao kuinuka wakati wa baridi na kuvunja barabara. Lakini kuvimba huko ni kidogo, na barabara nyingine ziliinuka kupita kiasi hicho. Mwaka 1929 na 1930 Mmarekani mmoja, Stephen Taber, alitangaza matokeo ya majaribio yaliyofumbua fumbo hilo. Aliugandisha udongo uliolowa benzeni badala ya maji. Benzeni ikiganda haivimbi, bali husinyaa. Hata hivyo udongo uliinuka! Basi kuvimba kwa maji peke yake hakukuwa sababu.

Sababu ni ule utambi. Baridi inapoingia ardhini kutoka juu, barafu huanza kufanyika. Barafu hiyo huvuta maji kutoka chini kupitia katika nafasi nyembamba za udongo wa vumbi. Maji hupanda, huganda, na kuongeza unene wa barafu. Hivyo hufanyika tabaka la barafu tupu ndani ya udongo, na tabaka hilo huinua kila kilicho juu yake, iwe barabara au nyumba.

Je, mchanga safi nao hufanya hivyo? La. Mchanga safi si utambi mzuri, maana nafasi zake ni kubwa. Barafu inapoanza kufanyika, maji ya ziada husukumwa kando na kwenda zake, ikiwa njia iko wazi. Mchanga safi huganda mahali pake bila kuinuka sana.

Lakini angalieni neno "safi". Mtaalamu Arthur Casagrande, katika mwaka 1931, alionyesha kwamba katika udongo wenye mchanganyiko wa chembe kubwa na ndogo, sehemu 3 tu katika 100 za chembe laini kupindukia zaweza kutosha kuanzisha taabu. Yaani ndoo 97 za mchanga mzuri zaweza kuharibiwa na ndoo 3 za vumbi. Kwa macho mchanga huo waonekana mzuri kabisa. Hapo ndipo maabara inapohitajika.

Namna ya kupima katika maabara

Tuingie sasa ndani ya maabara ya nchi ya baridi, tutazame kazi hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuchekecha. Mchanga hukaushwa, hupimwa uzito, kisha hupitishwa katika chekeche kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ya juu ina matundu makubwa, ya chini ina matundu madogo. Kila chekeche hubakiza sehemu yake. Kila sehemu hupimwa uzito na kuandikwa. Hivyo mpimaji hujua mchanga una vumbi kiasi gani.

Hatua ya pili ni kushindilia. Mchanga hutiwa maji ya kiasi kilichopimwa, halafu hushindiliwa ndani ya mkebe wa chuma tabaka kwa tabaka.

Hatua ya tatu ni kugandisha. Mkebe huwekwa katika sanduku la baridi. Pande zake huzungushiwa kitu cha kuzuia baridi, ili baridi iingie kutoka juu tu kama inavyoingia ardhini. Chini yake huwekwa maji, ili udongo uweze kunywa ukitaka. Juu huwekwa kipimo kidogo kinachoonyesha umeinuka kwa milimita ngapi.

Hatua ya nne ni kuubana udongo ulioganda katika mashine mpaka uvunjike. Hapa wanafunzi wengi hushangaa. Mchanga ambao jana ulimwagika kati ya vidole, leo ni kama jiwe. Chembe zake zimeunganishwa na barafu kama zilivyounganishwa na saruji. Tena kadiri baridi inavyozidi, ndivyo ugumu unavyozidi. Lakini ukiubana kwa uzito mdogo kwa muda mrefu, husogea polepole bila kuvunjika, maana barafu yenyewe hutambaa inapobebeshwa mzigo.

Hatua ya tano ni kuuyeyusha na kuupima tena. Hii ndiyo hatua yenye hukumu. Mchanga safi, maji yake yakipata njia ya kutoka, hurudia karibu hali yake ya kwanza. Udongo wenye vumbi jingi hutoa maji mengi kuliko uliyoutia, kwa sababu ulikunywa mengine wakati wa kuganda. Huwa uji. Na huko nje, barabarani, barafu huanza kuyeyuka juu wakati chini bado imeganda. Maji hayana pa kwenda, na gari zito likipita barabara huvunjika. Ndiyo maana katika baadhi ya nchi za baridi malori mazito hupunguziwa mizigo majira ya barafu kuyeyuka.

Tuandike jambo moja katika daftari zetu: NGUVU YA BARAFU NI NGUVU YA KUAZIMA. Ikirudishwa kwa mwenyewe, udongo hubaki na nguvu zake tu.

Hata hivyo nguvu ya kuazima yaweza kumfaa mtu anayejua atairudisha lini. Mwaka 1883 Mjerumani Poetsch alipata hati ya njia ya kugandisha ardhi ili kuchimba mashimo ya migodi. Mabomba hupitishwa ardhini, ndani yake hutembezwa maji ya chumvi yaliyo baridi kuliko barafu, na mchanga uliojaa maji huwa ukuta mgumu. Wachimbaji hupita, hujenga kuta za kudumu, kisha barafu huachwa iyeyuke.

Kwa nini mchanga wa Japani uligandishwa?

Sasa tufike kwenye jambo linalotukaribia zaidi.

Tarehe 16 Juni 1964 tetemeko la ardhi lilipiga mji wa Niigata, Japani. Sehemu ya mji ilijengwa juu ya mchanga uliolegea, uliojaa maji, karibu na mto. Ardhi ilipotikisika, mchanga ule ulifanya kama uji. Majumba ya ghorofa yaliinama, na jengo moja lilikaribia kulala ubavu, kuta zake zikiwa nzima. Kuta hazikuvunjika! Mchanga wa chini ndio ulioacha kubeba.

Mfano wake ni huu. Chembe za mchanga uliolegea hugusana kama watu waliokaa wakiegemeana. Ardhi ikitikiswa, chembe hutaka kukaa karibu zaidi. Lakini nafasi imejaa maji, na maji hayawezi kutoka upesi. Basi kwa dakika chache maji ndiyo yanayobeba mzigo, si chembe. Na maji hayabebi nyumba.

Wataalamu walitaka kupima mchanga wa namna hiyo katika maabara. Taabu ikawa hii: utauchukuaje mchanga ulio chini ya maji bila kuuharibu? Ukiingiza bomba, mchanga uliolegea hushindiliwa, na ule ulioshikamana hulegea. Unafika maabara ukiwa mchanga mwingine. Ni kama kumpima mgonjwa baada ya kumbadilisha na jirani yake.

Wajapani walitumia barafu. Walipitisha mabomba ardhini, wakatembeza ndani yake hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa kuwa majimaji, ambayo ni baridi kupita kiasi. Mchanga ukaganda polepole kuzunguka bomba, kila chembe ikabaki mahali pake. Wakakata kipande kama tunavyokata kipande cha sabuni, wakakipeleka maabara kikiwa bado kimeganda. Huko walikivisha mfuko mwembamba wa mpira, wakakibana kwa mgandamizo uleule kiliokuwa nao ardhini, ndipo wakakiyeyusha taratibu na kukitikisa kwa mashine. Mara nyingi mchanga wa zamani ulioshikamana ulionekana kuwa na nguvu nyingi kuliko ulivyoonyesha ulipochukuliwa kwa bomba la kawaida.

Lakini kumbukeni somo la utambi. Njia hii hufaa kwa mchanga safi tu. Udongo wenye vumbi ukiugandisha, hunywa maji na kuvimba, na kile unachotaka kukihifadhi unakiharibu mwenyewe. Hivyo anayetaka kugandisha hana budi kuchekecha kwanza.

Rukwa, mwaka 1910

Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye ukubwa wa karibu 7.4 lilipiga nchi hii ya Rukwa. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa katika Afrika. Ufipa imekaa kati ya mabonde mawili ya ufa, la Ziwa Tanganyika upande mmoja na la Ziwa Rukwa upande wa pili, na ardhi ya mabonde hayo bado inasogea. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilipiga tena katika eneo la Ziwa Tanganyika. Na tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera, la 5.9 tu, liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi sana. Tetemeko la 1910 lilitoa nguvu zaidi ya mara 100 kuliko hilo la Kagera.

Sisemi haya kuwatia hofu. Nayasema kwa sababu mwaka 1910 watu walikuwa wachache na nyumba zao zilikuwa nyepesi, za miti na nyasi. Leo tunajenga kwa matofali, na tunajenga kandokando ya maziwa na mito, mahali ambapo mchanga umelegea na maji yako karibu. Si kila mchanga ni hatari. Hatari hutaka mambo matatu pamoja: mchanga uliolegea, maji yaliyoujaza, na mtikisiko mkubwa. Mtikisiko hatuwezi kuuzuia. Mahali pa kujenga twaweza kupachagua.

Kugandisha ardhi ni kazi ya gharama kubwa, nayo hufanywa kwa majengo makubwa tu. Kwa kazi za kawaida wahandisi hupima papo hapo. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka kimo cha sentimita 76 juu ya bomba lililoingizwa ardhini. Huhesabu mapigo mangapi yanatosha kuliingiza sentimita 30. Mapigo machache ni dalili ya mchanga uliolegea. Mapigo mengi ni dalili ya mchanga ulioshikamana.

Kwetu, maji hufanya kazi ya barafu

Katika mashamba na barabara za Ufipa, adui wa udongo si barafu bali ni mvua, ianzayo Novemba mpaka Aprili. Kiangazi udongo wa barabara ni mgumu kama tofali. Masika huwa tope. Ni hadithi ileile ya kuganda na kuyeyuka. Nguvu ya ukavu nayo ni ya kuazima.

Kwa sababu hiyo wapimaji wa barabara nchini hawaupimi udongo ukiwa mkavu tu. Huushindilia katika mkebe, huutia ndani ya maji kwa siku 4, ndipo huubonyeza kwa kichwa cha chuma chenye upana wa karibu sentimita 5, na kuandika nguvu iliyohitajika. Barabara ya lami ya Tunduma, Laela mpaka Sumbawanga, yenye zaidi ya kilomita 220, ilijengwa baada ya mkataba wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na Marekani. Msafiri huona lami. Lakini lami ni nguo tu, na mwili unaobeba lori ni tabaka za udongo zilizo chini yake. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Kuna nguvu nyingine ya kuazima ambayo huua watu. Mchanga wenye unyevu kidogo husimama wima, kwa kuwa maji machache kati ya chembe huzivuta zishikane. Mchimba mchanga huona ukuta wa shimo umesimama, akaamini, akachimba chini yake. Jua likiukausha, au mvua ikiujaza, ukuta huanguka bila kubisha hodi. Basi usiingie katika shimo la mchanga lenye ukuta mrefu kuliko kifua chako bila kulilaza kando liwe mteremko, wala usichimbe pango chini ya ukuta. Na watoto wasicheze humo.

Majaribio ya kufanya darasani

Jaribio la kwanza. Tieni udongo katika chupa ya kioo mpaka theluthi moja, jazeni maji, tikiseni sana, kisha iacheni. Kinachotua katika dakika ya kwanza ni mchanga. Kinachotua saa zinazofuata ni vumbi. Kinachobaki kuchafua maji mpaka kesho ni mfinyanzi. Pimeni kila tabaka kwa rula.

Jaribio la pili. Loweka udongo kidogo, uweke kiganjani kama chapati ndogo, ukipigepige kiganja kwa mkono wa pili. Ukiona maji yanapanda juu na kung'aa, na ukiubonyeza yanarudi ndani, huo ni udongo wa vumbi au mchanga laini. Mfinyanzi haung'ai hivyo. Hapo mmeona kwa udogo jambo lililotokea Niigata.

Jaribio la tatu linahitaji friji. Huenda katika kikundi chenu yupo mama anayeuza barafu za juisi, na atakubali kuwapa nafasi ya usiku mmoja. Jazeni kikopo cha plastiki mchanga uliooshwa, tieni maji mpaka yafike juu ya mchanga, funikeni, gandisheni. Asubuhi utoeni mchanga katika kikopo, uwekeni juu ya sahani. Mtu mzito aujaribu kwa mkono. Kisha uacheni uyeyuke, na mgonge sahani polepole. Andikeni mlichokiona, kila mtu kwa maneno yake mwenyewe.

Anayetaka kujenga

Kabla ya kununua tofali, chimba shimo la kupimia kimo cha msingi wako, ufanye majaribio mawili ya kwanza. Tazama kama maji yanajaa shimoni. Ikiwa ni mchanga mlegevu wenye maji, tafuta mahali palipoinuka, au mwulize mhandisi wa halmashauri yako kabla hujatoa fedha. Mwambie fundi mwashi asiache kufunga mkanda wa zege wenye nondo juu ya madirisha na milango, ule mafundi wanaouita lenta, nao uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Mkanda huo hushika kuta pamoja ardhi inapotikisika. Lakini hauponyi msingi mbaya.

Maswali

1. Kwa nini Sumbawanga ni baridi kuliko Kasanga?
2. Taber alitumia benzeni ili kuthibitisha jambo gani?
3. Udongo wa vumbi unafanana na utambi kwa njia gani?
4. Kwa nini mchanga wenye vumbi haufai kugandishwa ili upelekwe maabara?
5. Taja mambo matatu yanayofanya mchanga uwe hatari wakati wa tetemeko.
6. Taja mahali pamoja kijijini kwenu ambapo usingejenga nyumba, ueleze sababu.

Maneno ya kujifunza

Sampuli: kiasi kidogo kinachochukuliwa ili kupimwa badala ya kitu chote.
Maabara: nyumba au chumba cha kupimia na kufanyia majaribio.
Kushindilia: kupiga udongo ili chembe zikaribiane.
Kuganda: kugeuka kutoka maji kuwa barafu.
Kuyeyuka: kugeuka kutoka barafu kuwa maji.
Mgandamizo: nguvu inayobana kitu.

Kwaherini, wanafunzi wetu. Mwenye kujibu swali la sita amsomee jirani yake jibu hilo jioni ya leo, hasa jirani aliyekwisha kuanza kukusanya tofali.